Sifa za Kutu

Miongoni mwa vitu vinavyotuhumiwa bure katika mwambao wetu, sioni kilichodhulumiwa kama kutu, ambayo watu huilaani kutwa kucha bila ya kukiri kwamba, lau isingalikuwapo, mwenye pikipiki asingalijua adabu ya kuiweka pikipiki yake pindi masika yaingiapo na njia za shamba zikageuka matope.

Tazameni taadhima inayofanyiwa. Mtu ambaye mwaka mzima hakupata kupangusa hata taa ya mbele, siku ya kuilaza pikipiki kwa miezi mitatu huiosha kwa maji matamu ili kuondoa chumvi ya upepo wa bahari, akaikausha, akaupaka mnyororo grisi, na akabadili oili ya injini kabla ya muda wake, kwa kuwa oili iliyokwisha kutumika hubeba tindikali iwezayo kula vyuma vya ndani. Hulijaza tangi petroli hadi shingoni, naye ni bahili mashuhuri! Hofu yake ni ile hewa ikaayo katika tangi lililo nusu, ambayo usiku ikipoa huacha jasho juu ya bati. Jasho likawa tone, na tone, kwa uzito wake kuupita wa petroli, likazama hadi chini kabisa, na hapo ndipo kutu hutandika mkeka wake. Kisha plagi hufunguliwa, kijiko kidogo cha oili kikatiwa tunduni, na kiki ikasukumwa taratibu kwa mkono ili silinda yote ipate kulowa. (Betri huondolewa ikawekwa ndani na kuchajiwa mara kwa mara, hiyo ina maadui wake wengine.)

Na ufundi wake je? Fundi hukaza nati kwa spana na kwa nguvu za mabega, lakini kutu huikaza pasina chombo, kwani hutaka nafasi kubwa kuliko ya kile chuma ilichokila, hata ikavimba baina ya nati na bolti, zikawa kitu kimoja. Mafundi wa mtaani, ambao baada ya mvua hutoa patasi, nyundo na msasa wakataja bei bila ya kuona haya, wana wajibu mkubwa wa kuishukuru kuliko wanavyofanya.

Wako pia wanaojidai kuipiga vita kwa kuifunika pikipiki gubigubi kwa turubai la plastiki, wakalifunga kamba hadi kwenye udongo mbichi, wasijue kwamba mvuke wa ardhini ukishaingia humo haupati pa kutokea. Hao ndio wenyeji wake wakarimu kupita wote, na kutu, kwa muruwa wake, haijapata kuukataa mwaliko.