Utetezi wa Mheshimiwa Fukusi

Simba ana timu ya mpira, twiga yuko kwenye mkia wa ndege. Fukusi wa kunde, anayelala ghalani mwetu mwaka mzima, huambulia matusi tu kila ungo unaposhikwa. Dhuluma hii imezidi, nami leo nimejitolea kuwa wakili wake bila malipo.

Mashtaka ya ulafi nayakataa mapema. Fukusi mzima hahitaji chakula wala maji. Yule mdudu wa kahawia unayemfukuza juu ya kunde huishi wiki moja au mbili, akapandana, akataga, akafa, karibu maisha yote kwa saumu. Wanaokula ni watoto, na ni nani kati yetu atamlaumu mama kwa hilo? Tena mama mwenyewe ni makini: kila yai huligandisha juu ya punje kwa gundi, na akiweza huiruka punje iliyokwisha pata yai, mwanawe asigombanie chumba. Buu hutoboa papo hapo chini ya yai, akaingia, akala, akakua, na siku ya kutoka huacha kitundu cha mviringo ambacho seremala yeyote angejivunia.

Halafu kuna elimu yake, ambayo wapetaji hawaijui. Kunde ni zao la Afrika, na fukusi huyu ni Mwafrika mwenzake. Mmea si mnyonge: mbegu yake ina protini za kuzuia vimeng'enya vya tumboni, ili mlaji ashibe asisage. Kizuizi hicho huwasumbua wadudu wengi. Fukusi husaga protini kwa vimeng'enya vya aina nyingine kabisa, kwa hiyo anakula tu. Lakini mpe maharage, zao lililotoka Amerika. Humo kuna kizuizi cha kimeng'enya cha kusaga wanga, nacho hakijui. Buu hufia humo humo. Maharage yana fukusi wao, waliozoeana nayo hukohuko Amerika, na kizuizi hicho hakiwanyimi usingizi. Kila mmoja amesomea mmea wake.

Wataalamu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, walipima maelfu ya aina za kunde wakimtafutia adui. Wakapata moja, TVu 2027, ambamo mabuu wengi hufa na wanaopona hukua kwa taabu. Basi maabara moja ya Marekani ikafuga fukusi ndani ya kunde hizo, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapatikana wanaozila bila shida. Mwanafunzi wa namna hii angekuwa binadamu, tungemchangia karo.

Na mwizi, ni nani hasa? Porini ganda la kunde likikauka hupasuka, vijipunje vikatawanyika, mama fukusi akahangaika navyo kimoja kimoja. Mkulima ndiye aliyechagua maganda yasiyopasuka na punje nono, akazirundika mahali pakavu penye kivuli, akafunga mlango. Hata kuingia ghalani mara nyingi tumembeba wenyewe kutoka shambani, angali yai au buu. Tunasema akiba haiozi. Mteja wangu naye hajaona kasoro yoyote kwenye akiba hiyo.

Ana udhaifu mmoja, na uwakili wangu haunizuii kuusema. Buu ndani ya punje kavu hapati maji ya kunywa. Huyapata mwilini mwake anapokiunguza chakula kwa oksijeni. Hapo ndipo anaponaswa na mifuko ya PICS, ya kuhifadhia mavuno, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Ukiifunga barabara, wadudu wenyewe huimaliza oksijeni iliyomo, mabuu huacha kula, na kiu huwaua.

Kwa hiyo ukishavuna, kausha kunde zako vizuri, zifunge humo mapema, na usifungue ovyo. Mteja wangu anakuomba sana uchungulie kidogo, mara moja tu. Usimsikilize.