Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Mkono Ule Ulikuwa wa Amri au wa Salamu?

Makunduchi,
Kusini Unguja.

Kwa Mheshimiwa Mamlaka Husika,
Popote ulipo.

YAH: KUKUBALI AU KUKATAA FAINI YA KUPITA TAA NYEKUNDU



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe, ambaye kila siku natajiwa jina lako na sijawahi kukutia machoni. Bomba la maji likipasuka, tunaambiwa mamlaka husika imeshaarifiwa. Barabara ikiota shimo, mamlaka husika inalifanyia kazi. Miaka yote hiyo nakutafuta mimi. Safari hii umenitafuta wewe, na nakiri umenipata upesi kweli kweli.

Kisa chenyewe hiki. Jumanne, saa nne asubuhi, niliingia mjini na gari yangu ya mizigo, nyuma magunia manane ya mwani mkavu wa kina mama wa huku kwetu. Nilipofika njia panda moja, taa ilikuwa nyekundu na mbele yangu imesimama daladala. Chini ya taa alikuwepo trafiki, nguo nyeupe zimepigwa pasi hadi zinakata. Akanyanyua mkono, akafungua kiganja, vidole vikacheza mara mbili. Daladala ikaondoka. Nami nikaifuata. Sikufika hatua ishirini nikasimamishwa, na mwenye mkono ni yule yule.

Alinisalimu kwanza, maana Unguja hata faini haiandikwi bila salamu. Kisha akaniuliza:

"Mzee wangu, taa huioni?"

"Naiona, afande, lakini si umeniita?"

"Sikukuita. Yule dereva ni jamaa yangu, nilikuwa namsalimu."

Nikamuuliza, basi jamaa yako naye alipita taa ya rangi gani? Akaniambia nisichanganye mambo. Akaandika.

Mamlaka Husika, mimi ni mtu wa shamba, lakini usidhani taa ni jambo geni kwetu. Makunduchi tuna mnara wa taa unaowaonyesha mabaharia mwamba uko wapi. Taa ile haijamwandikia mtu karatasi hata siku moja, na bado hakuna nahodha mwenye akili anayeidharau. Barabarani nako tunajua kusimamishwa. Ukitoka kwetu kwenda mjini unapita Jozani, ambako yamewekwa matuta ili kima punju wavuke salama. Tuta halina jamaa. Mwenye gari ya kifahari na mwenye gari ya mwani wote wanarushwa sawasawa, na anayebisha anajibiwa na springi zake.

Taa yako na mkono wako ndivyo vilivyonishinda, kwa sababu vinasimama pahala pamoja na havisemi lugha moja. Kila aliyejifunza udereva amefundishwa kwamba askari akiongoza magari, ishara yake inaipiku taa. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema hivyo hivyo. Tena ushirika huu wa taa na mkono ni wa zamani. Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwaka 1868, mbele ya Bunge, ikiwaka kwa gesi, na polisi ndiye aliyekuwa akiigeuza rangi. Mwezi uliofuata ikalipuka, ikamjeruhi polisi mwenyewe. Tangu siku hiyo, naona, mkono na taa havijapata kuaminiana.

Kwetu mkono una historia zaidi. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu hiyo kisiwa kizima kilitawaliwa na mkono: mkono wa kuchota maji, mkono wa kupepea mkaa, mkono wa kumwambia mwenzio barabarani "pita wewe". Kwa hiyo ukimwona mzee wa Makunduchi anautii mkono kabla ya balbu, usimwone mkaidi. Mkono haujamkatikia.

Sasa nieleze shida iliyonifanya nishike kalamu. Karatasi yako ninayo mezani, nimeiwekea kikombe cha kahawa isipeperuke. Inanieleza vizuri sana namna ya kulipa: naweza kulipa kwa simu, naweza kwa wakala, naweza benki. Kiasi kimeandikwa kwa herufi nene. Muda wa mwisho umepigiwa mstari. Nimevaa miwani, nimeigeuza nyuma, nimeinyanyua juani kama anayekagua noti, nikitafuta pahala panaponieleza niende wapi kama sikubali. Hapapo. Nimekuta milango mitatu ya kutolea fedha, na wa kutolea maneno sikuuona hata ufa wake.

Nikaipeleka karatasi barazani. Wazee wakagawika makundi matatu.

Wa kwanza wakasema lipa. Walinipigia hesabu kwa vidole: kwenda mjini ni zaidi ya kilomita 60, kurudi hivyo hivyo. Nauli ya kwenda na kurudi. Chakula cha mchana. Siku ya kazi imepotea. Shahidi wangu, kijana aliyekuwa amekaa juu ya magunia, naye ana nauli na tumbo. Kisha utaambiwa faili halijaonekana, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo afande ana udhuru. Mara ya tatu utakuwa umeshailipa faini mara mbili kwa nauli peke yake, na kesi haijasomwa.

Wa pili wakasema piga simu. Walinikumbusha kwamba jimbo letu la Makunduchi lilikuwa na mbunge kuanzia 2010 hadi 2015 ambaye leo ni Rais wa nchi. "Waambie unatoka wapi," wakanihimiza. Niliwajibu kwamba nchi hii inao wa kutosha wanaouliza "unanijua mimi ni nani?", na kwamba Rais ana kazi nyingine kuliko mwani wangu. Vilevile, sina namba yake.

Wa tatu alikuwa mmoja tu, fundi wa ngalawa, na hakusema mengi. Aliniuliza: "Ulifanya?"

Swali hilo limeninyima usingizi kuliko faini yenyewe. Nilifanya nini hasa? Taa ilikuwa nyekundu, hilo sikani. Nilipita, hilo nalo sikani. Lakini nilipita kwa mkono, na mkono ulikuwa wa mtu aliyevaa nguo zako. Kama ulikuwa wa amri, sina kosa. Kama ulikuwa wa salamu, kosa langu ni kuitikia salamu isiyokuwa yangu. Nimeitafuta faini ya kosa hilo, sijaiona.

Nasikia Katiba ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosa kabla kosa lake halijathibitika. Ni maneno mazuri sana. Yanapaswa kusomwa na mtu mwenye nauli. Maana mwenye nauli atasimama mbele ya hakimu akiwa hana hatia, na asiye na nauli atakuwa na hatia kwa kushindwa safari.

Nilifikiria kukuletea njia yetu ya hapa. Kila mwaka, kwenye sherehe yetu ya Mwaka Kogwa, wanaume wa Makunduchi hugawika pande mbili wakachapana kwa makonde ya migomba. Mwenye kinyongo anakitoa siku hiyo, mbele ya watu, na kibanda cha makuti kikishateketezwa, mambo ya mwaka uliopita yamekwisha. Hakuna kuahirisha. Ningekukaribisha, Mamlaka Husika, uje na afande wako, kila mtu ashike mgomba wake. Tena siku hiyo kwetu nyumba isiyopata mgeni haina raha, basi chakula kingekuwepo. Lakini nimekumbuka umri wangu, na nimeukumbuka ule mkono ulivyo mwepesi.

Kwa hiyo nimeamua. Sitalipa kwa simu, wala kwa wakala, wala benki. Nitakuja. Nikilipa kimya kimya, daftari lako litaandika kwamba nilikubali, na hapo litakuwa limeandika uongo kwa fedha zangu. Nitamwambia hakimu yote: taa, mkono, daladala, vidole vilivyocheza mara mbili. Nikipandwa na hasira nitateleza kwenye Kikae, lahaja yetu ya huku, lakini Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilishakitolea kamusi, kwa hiyo hakimu asipate tabu. Akisema kosa ni langu, nitatoa fedha pale pale bila kinyongo, kwa sababu nitakuwa nalipia kosa, si nalipia umbali wa kwetu.

Nina ombi moja tu. Kwenye karatasi zijazo, chini ya kiasi, kwa herufi nene zile zile, andika mstari mmoja: asiyekubali aende wapi, siku gani, saa ngapi. Wino wake si mwingi. Na ukiweza, kesi za watu wa Kusini zisikilizwe Kusini, kwani kesi moja inabebeka kuliko mashahidi na matumbo yao.

Jumatatu alfajiri nitapanda daladala ya 310. Gari yangu nitaiacha nyumbani, taa za mjini akazikabili dereva. Na trafiki yeyote akinipungia mkono njiani, nitamwitikia vizuri, nami nitabaki nimekaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzee wa Magunia Manane,
Makunduchi.

Nakala kwa:
Sheha – kwa taarifa.
Dereva wa daladala – ajiandae kuwa shahidi.
Afande wa njia panda – salamu zako zilifika.