Tiketi Moja, Mtu Mzima

Wanaume wawili wazima waliingia Walt Disney World, bustani ya michezo kule Florida, na begi la mgongoni lenye figo ndani. Figo yenyewe ilikuwa ya silikoni, imetengenezwa kwa printa ya 3D kwa kufuata umbo la figo ya mgonjwa, ikatiwa mkojo halisi na vijiwe halisi vya figo. Wakapanda Big Thunder Mountain Railroad, rolakosta ya mfano wa treni ya migodini inayokata kona kwa fujo. Wakashuka, wakarudi kupanga foleni, wakapanda tena. Mara 20 wakapanda, begi likiwa usawa wa figo zao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa David Wartinger, daktari wa njia ya mkojo na profesa wa Michigan State University. Mgonjwa wake alikuwa amemweleza kwamba alipanda treni ile mara tatu mfululizo, na kila aliposhuka alitoa kijiwe. Profesa angeweza kucheka akaendelea na shughuli zake. Yeye akaenda kupima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema kwamba kwenye viti vya nyuma karibu asilimia 64 ya vijiwe vilitoka. Vya mbele, asilimia 17 hivi. Mwaka 2018 akapewa Ig Nobel ya tiba, tuzo ya utafiti unaomchekesha mtu kwanza na kumfikirisha baadaye. Wahenga walisema utu uzima dawa. Hawakutaja ya ugonjwa gani, wala hawakusema ukae siti ya nyuma.

Hao walau walikuwa na cha kujitetea. Mtu mzima wa kawaida anayesimama kwenye foleni ya kumkumbatia Mickey Mouse, hana mtoto mkononi wala figo begani, hutazamwa kwa lile jicho la "mtu mzima hovyo". Mwaka 2019 malalamiko ya mama mmoja wa Kimarekani yalisambaa mtandaoni: wakiwa bustanini, mwanawe alitaka pretzel (mkate wa chumvi) ya umbo la Mickey, foleni ilikuwa ndefu, na waliokuwa wakiirefusha ni vijana wasio na watoto. Akataka wapigwe marufuku. Kwa siku kadhaa nchi yenye silaha za nyuklia ikabishana kuhusu nani ana haki ya pretzel.

Mama aliyechoka hajibiwi kwa hoja. Hata hivyo ukitaka kujua wenye bustani wanamwitaje mtu mzima, nenda dirisha la tiketi. Disney World humhesabu mtoto kuwa wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10 analipa bei ya mkubwa. Lakini mkubwa huyo wa miaka 10 anaruhusiwa kuvaa gauni kamili la Cinderella hadi atimize 14. Hapo anakatazwa, asije akadhaniwa ndiye Cinderella wa kampuni akaanza kuwasainia watoto daftari zao. Kwa hiyo ipo miaka minne ambayo binadamu ni mzima wa kulipa na mtoto wa kuvaa. Waliovuka umri huo hawakukubali kushindwa. Walibuni mtindo wa kuvaa nguo za kawaida zenye rangi za mhusika: fulana nyeusi, kaptura nyekundu, viatu vya njano. Mlinzi wa getini anaona mhasibu aliyevaa bila kujitazama kwenye kioo. Wenzake wanamwona Mickey.

Na anayedhani kwamba wakubwa wamevamia mchezo wa watoto, historia inamgomea. Mwaka 1884, Coney Island, New York, bwana mmoja mcha Mungu aitwaye LaMarcus Thompson alifungua reli ya mbao ya kuteremka kwa mserereko. Alichukizwa na vilabu vya pombe na maovu yaliyovizunguka, akaamua kuwapa watu starehe isiyo na dhambi. Kwa senti 5 uliteremka kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, kasi ambayo mtu anayewahi daladala huipita kwa miguu. Ndiyo baba wa rolakosta za Marekani. Wateja wake hawakuwa watoto. Walikuwa wakubwa waliohitaji kuokolewa na bia.

Jirani yake, George Tilyou, hakuwa na haja ya kumwokoa mtu. Mwaka 1897 alifungua Steeplechase Park, ambako wapenzi walipanda farasi wa bandia wakikimbizana relini, mwanamume akiwa na kisingizio halali cha kumshika mwenzake kiuno. Mwisho wa mbio kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulipitia jukwaani. Hapo upepo wa mashine ulifumuka kutoka sakafuni ukainua sketi na kurusha kofia, na chale mwenye kifimbo cha umeme akawagusa waliokuwa wakishika nguo zao. Mbele ya jukwaa palikuwa na viti. Waliokuwa wakiangua kicheko pale walikuwa wamefanyiwa hivyohivyo dakika chache kabla, na sasa walisubiri kwa hamu zamu ya wenzao. Tilyou aligundua biashara ambayo haijafilisika hadi leo: mtu mzima hulipa kuaibishwa, kisha hukaa bure kutazama aibu ya mwingine. Mwandishi Mrusi Maxim Gorky alipita Coney Island mwaka 1906, akaandika makala nzima juu ya jinsi mahali pale palivyochosha roho. Dalili zote zinaonyesha hakupanda farasi.

Hata Walt Disney hakuanza na watoto. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye farasi wa bembea. Wao walikuwa na raha zao. Aliyeboreka alikuwa baba. Disneyland ikafunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955, na siku hiyo watu wazima walionja kila aina ya balaa. Tiketi bandia zilijaza watu kupita kiasi, joto lilikuwa kali, na lami iliyomwagwa usiku wa kuamkia sherehe ilikuwa bado laini, kwa hiyo mabibi waliokuja na visigino virefu wakazama. Wakarudi tena siku zilizofuata, nadhani na raba.

Balaa za leo zimebadilika sura tu. Bustani nyingi kubwa zina foleni ya watu walio peke yao, maana magari ya michezo hubaki na viti vitupu na mhudumu huwapachika humo. Foleni hiyo ni fupi, na malipo yake hukutana nayo mbele. Unabanwa kati ya baba na mama wa familia usiyoijua, kamera iliyofichwa kwenye mteremko mkali inapiga, na picha ikitundikwa kwenye skrini pale nje, wewe ndiye uliyetoka vizuri: mdomo wazi, macho yamegeuka, wigi linadai uhuru wake. Familia inainunua. Utatundikwa sebuleni kwao miaka ishirini.

Kabla ya hapo kuna kiti cha majaribio. Huwekwa mlangoni, mbele ya foleni nzima, ili mwenye kiuno cha heshima ajue kama chuma cha usalama kitafunga. Hakuna pantoni wala usaili wa kazi unaokushusha hadhi kwa sekunde chache namna hiyo. Kisha tumbo. Ron Toomer, mhandisi aliyebuni rolakosta nyingi maarufu za kampuni ya Arrow, alisumbuliwa na kichefuchefu na kwa kawaida hakupanda alichokichora mwenyewe. Mwenye akili ya kujenga mteremko ndiye mwenye akili ya kubaki chini.

Mbele ya wahusika wa katuni mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu baadhi yao hujibu. Mickey huitikia kwa kichwa, na mtu anaweza kumweleza habari za mkopo wa benki bila kukatizwa. Gaston, yule jeuri wa hadithi ya mrembo na mnyama, husemezana na wageni. Kuna video iliyoenea ya kijana mwenye misuli aliyemwita washindane kupiga pushapu. Kijana alijitahidi. Gaston akapiga kwa mkono mmoja, kwa madaha, huku akiendelea kumsimanga.

Wajapani hawana hata haja ya kutafuta kisingizio. Tokyo DisneySea ilifunguliwa mwaka 2001 ikiwalenga wakubwa waziwazi, na pombe ikiuzwa ndani. Dubu wa kitambaa aitwaye Duffy, ambaye mauzo yake Florida yalikuwa ya kawaida tu, alipofika huko mwaka 2005 akawa mtu wa familia. Wafanyakazi wa ofisini humbeba kifuani, humvisha nguo za msimu, humpa kiti chake mezani.

Kwa Mswahili kuna mtego wake maalumu. Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida tarehe 22 Aprili 1998, ina kijiji kiitwacho Harambe (ndivyo walivyoiandika), kilichobuniwa na kundi la Joe Rohde, mbunifu wa Disney, baada ya kuzunguka Afrika Mashariki na kuichungulia Lamu kwa makini. Rangi za kuta zimebambuka kwa ustadi. Kutoka hapo hupandwa lori la Kilimanjaro Safaris. Twiga ni wa kweli. Barabara ni ya zege iliyotiwa rangi ya udongo, ikakandamizwa mifereji na mashimo ilipokuwa bado mbichi. Aliyekulia Mbagala hulipa zaidi ya dola 100 kuingia bustani ile, akarushwarushwa na makorongo yaliyopangwa na wahandisi, wakati kwao mbunge anachaguliwa kwa ahadi ya kuyafukia. Dereva akisema "Jambo!" lori zima humjibu "Jambo!", na mtu wa Tanga hubaki na sijambo yake mdomoni, haina pa kutua. Jioni, katika hoteli ya jirani, huweka nafasi mapema katika mgahawa wa gharama uitwao Jiko.

Katika bustani hiyohiyo kuna mlima wa bandia wenye treni, Expedition Everest, wa mwaka 2006. Ndani yake dubwana la theluji lenye urefu wa zaidi ya mita 7 lilitakiwa kuwarukia abiria na mkono wake. Muda si mrefu baada ya ufunguzi likakwama. Tangu hapo limesimama palepale, linamulikwa kwa taa za kuwakawaka ili lionekane linacheza. Watoto hulalamika. Wateja wenye mgongo wa miaka hamsini hulielewa.

Wengine hawataki kuondoka kabisa. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba wageni huingiza majivu ya wapendwa wao kwa siri katika bustani za Disney na kuyamwaga, hasa katika Haunted Mansion, nyumba ya mizimu. Ni marufuku, na anayekamatwa hutolewa nje. Wafanyakazi huja na kifyonza vumbi chenye kichujio maalumu na kusafisha. Marehemu hakudaiwa tiketi wala hakupimwa kwenye kiti cha majaribio, na alipita foleni yote akiwa ndani ya mkoba. Hata mama wa pretzel asingeona mtu wa kumlalamikia.