Mwongozo wa Kusoma Saikolojia Bila Kuhama Kiamunyi

Kwanza kabisa, usiichague. Mtu anayejiheshimu huomba udaktari, pengine uanasheria, kisha KUCCPS, wagawaji wa nafasi za vyuo, wakishazipima alama zake za mtihani wa KCSE humtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kupata nafasi ya saikolojia. Ukiulizwa sebuleni, neno "kukosa" lisikutoke mdomoni. Sema umeingia udaktari wa akili. Mama atalifikisha hilo kwenye chama, na kabla ya wiki kwisha majirani watakuwa wanakukwepa macho, wakiamini unasoma yaliyomo vichwani mwao. Usikanushe. Hiyo ndiyo faida pekee ya mwaka wa kwanza.

Chuo kisikuumize kichwa. Matatu za Ravine zitakufikisha Kabarak, chuo alichoanzisha Moi mwaka 2000. Ukivuka barabara kuu kuelekea Njoro utaikuta Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya mlowezi mmoja, Lord Egerton, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao Nairobi, Daystar au USIU, ambako mwanafunzi huchanganyiwa masomo mengine mapana kabla ya kuachiwa akili za watu. Wewe utalala kwenu Kiamunyi. Utaokoa kodi ya hosteli, ila utafiti wako wote kuhusu tabia za binadamu utafanyika huku ukitumwa dukani.

Ikifika wiki ya tatu, anza kutibu. Sura moja ya Freud inatosha. Konda akikataa kukurudishia shilingi ishirini zako, mweleze kwamba ana kasoro ya utu iliyotokana na kuachishwa ziwa mapema, kisha shuka upesi. Baba akinyamaza wakati wa taarifa ya habari, andika pembeni mwa daftari kwamba anakandamiza hisia. (Anasikiliza habari, lakini hilo halimo kwenye sura uliyosoma.) Ukifika kibandani kwa mama mboga, mwulize kwa sauti ya upole, kichwa umekiinamisha kidogo kama ulivyoona kwenye video:

"Mama, unajua ni kwa nini unazificha nyanya zilizopondeka chini ya nzuri?"

"Najua, mwanangu. Ndiyo ziuzike."

Lipa uende. Huyo bado hajawa tayari kwa tiba.

Kisha itakuja takwimu. Hapa wengi hulia, maana waliipenda saikolojia kwa sababu waliikimbia hisabati. Hawakuambiwa kwamba Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, kazi kubwa ilikuwa kupima kwa vyombo ni muda gani mtu huchukua kuitikia mlio au mwanga. Namba zilitangulia kochi la Freud. Mbinu inayokubalika ni kumtafuta mwenzako aliyeelewa na kumnunulia chapati na maharagwe mpaka mtihani uishe.

Ukifaulu hapo, umestahili kumfundisha nyanya yako. Awe gogo au shosho, mkalishe kivulini umweleze jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mamake. Mwambie kwamba Mary Ainsworth alikwenda Uganda mwaka 1954, akawatembelea akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao 28 vijijini karibu na Kampala, miezi kadhaa mfululizo, akitazama nani analia mama akiondoka na nani anatulia akirudi. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967, na hadi leo huwezi kumaliza digrii hii bila kulitaja jina lake. Nyanya atasikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza:

"Na yeye mwenyewe alilea wangapi?"

Hakujaliwa mtoto. Badilisha mada haraka, uingie Kokwet. Hilo ni jina ambalo vitabu huipa jamii moja ya wakulima Wakipsigis, majirani zetu, waliyoishi nayo Charles Super na Sara Harkness kutoka Marekani miaka ya 1970. Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, na si kwa ajabu ya damu bali kwa sababu walifundishwa: mama alichimba kishimo kifupi ardhini, akamkalisha mtoto humo, udongo ukamshika kiuno asianguke. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwa mbele. Kama nyanya yako ni gogo wa Kipsigis, atakutazama kwa huruma. Umelipa ada ya muhula mzima, ukasomea kwa Kiingereza, ili uje kumsimulia kishimo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura bora kuliko zote katika kozi nzima, na ni aibu kwamba mwanafunzi wa huku kwetu huifikia amechoka, akitoka kwa mbwa wa Pavlov.

Siku ya kufuzu, kodisha hema, lakini usiagize kibao cha "Mwanasaikolojia" cha kutundika getini. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi, na huruhusiwi kufanya kazi hiyo kabla hujasajiliwa nayo. Gauni na kofia si leseni.

Majirani lakini hawajui habari za Bodi. Watakuja tu, na usiku mmoja atakuja ambaye hana mzaha, akuambie amechoka kuishi. Huko nyuma hata kulisema hilo kuliogopewa, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Huyo usimpe Freud, wala usimwambie ajikaze. Kaa naye, umsikilize, usimwache peke yake, kisha mtafutie daktari au mshauri aliyesajiliwa, na uende naye wewe mwenyewe.