Wananchi Jiandaeni

Nikisikia "wananchi" kwenye kipaza sauti, mkono wangu huenda mfukoni kulinda kilichobaki. Neno hilo halijawahi kuniletea habari njema. Wananchi wawe na subira. Wananchi wajifunge kibwebwe. Hivi, sisi hatuna kazi nyingine?

Waliounganisha mwana na nchi walikuwa na nia njema. Enzi za kupigania uhuru, majukwaa yalilipenda kuliko "raia", neno lililotoka Kiarabuni, ambako maana yake ya zamani ni kundi la mifugo linalochungwa. Tukapandishwa cheo basi, kutoka mbuzi hadi mtoto. Sawa, lakini mbuzi hutafutiwa majani.

Hapa Kaloleni, Nairobi, tuna haki ya kununa zaidi. Ni katika ukumbi wetu wa kijamii ambapo wanasiasa wa uhuru walikuja kunguruma, hata watu wakaubandika jina la Bunge. Mtoto wa nchi akapiga makofi akijua urithi uko njiani. Nyumba zenyewe zilijengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, na mpaka leo tunazilipia kodi. Mwana gani analipishwa kodi kwa babake?

Tena angalia vile neno linavyovuliwa kama koti. Mgombea akija kuomba kura ni "mimi mwananchi mwenzenu", anakula githeri yetu amesimama. Akishaapishwa anaitwa mheshimiwa, na wananchi tunabaki sisi tulio nje ya geti. Hata magazeti ya Kiingereza hayatutafsiri; yanaliacha neno hivyo hivyo kwa Kiswahili. Nashuku ni kwa sababu neno lao la Kiingereza huja na haki zake, na haki ni gharama. Mwananchi huja na bei ya unga tu.

Wenye bahati ni Watanzania. Kule Dar es Salaam, Wananchi ni jina la utani la klabu ya soka ya Yanga, na hao wamezoea kunyanyua makombe. Juzi kwa kinyozi, pale karibu na Jogoo Road, mtangazaji wa mpira alipiga ukelele kwenye runinga: "Wananchi wameshinda!" Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, povu bado kidevuni, akashtuka wima.

"Unga imeshuka?"