Kilimanjaro kwa Wenye Haraka

Umeshaitangazia ofisi nzima kwamba Siku ya Uhuru, Desemba 9 mwaka huu, utaiadhimisha kileleni. Hongera. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye nia thabiti ya kutofika, maandalizi si magumu.

Anza na buti. Nunua mpya wiki ya safari, ukazivalie getini Marangu. Zikubane kidogo, zitapendeza kwenye picha. Kupanda hazitakusumbua. Zina kazi yake siku ya kushuka, utakapotoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, kila hatua vidole vikigonga mbele. Kucha za dole gumba huwa za kwanza kuaga.

Mazoezi? Kimbia Coco Beach, palipo tambarare, na ngazi usiziguse. Lifti ya ofisini ni ya nani kama si yako? Wapo wanaopanda na kushuka ghorofa kumi na begi mgongoni. Wengine wikiendi huenda Morogoro, wakapanda Morningside kule Uluguru na kushuka siku hiyohiyo. Waache wajichoshe. Misuli ya mapaja inayozuia mwili usiporomoke mteremkoni haijengwi na tambarare, lakini nani ameomba picha yako ukishuka?

Ukishapata pumzi ya mwanariadha, jiaminishe kwamba mwinuko ni tatizo la wanyonge. Kileleni oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Kariakoo, ila mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi inakuletea nusu ya ulichozoea. Hesabu hiyo haijui medali zako. Mwili unahitaji siku: uzoee kupumua kwa kasi, figo zirekebishe damu, chembe nyekundu zianze kuongezeka. Kijana wa mazoezi hutangulia, anafika kambi ya Kibo wa kwanza, na jioni anatapika nje ya banda wakati mama mstaafu aliyekuja akijikongoja anamalizia supu. Nguvu za miguu ndizo zilizomponza.

Basi chagua njia ya Marangu ya siku tano, siyo sita. Siku inayozidi ni ya kukaa Horombo: mnapanda hadi Mawe ya Pundamilia, mnageuka, mnalala palepale mlipoamkia. Ulipe ada ya hifadhi kwa upuuzi huo? Hata Mlima Meru, mita 4,562, ambao wengine huupanda kwanza ili mwili uonje baridi na hewa nyembamba, ni gharama nyingine tu.

Njiani wapagazi, "wagumu" kama wanavyoitwa Moshi, watakupita na mizigo kichwani wakisema "pole pole". Ichukulie kuwa salamu ya watalii. Maji lita tatu kwa siku usinywe, utasumbuka kwenda haja. Kichwa kikiuma, mfiche mwongozaji, meza vidonge viwili, songa. Ukianza kuyumba kama mlevi, au ukikosa pumzi hata umekaa, sema ni uchovu.

Na hapo mzaha ukome. Dalili hizo mbili ni za maji kwenye ubongo na mapafu; huweza kuua kwa saa chache, na tiba ya kwanza ni kushuka usiku uleule, bila kungoja kupambazuke. Mwongozaji akisema "teremka", usibishane naye. Teremka.