Shokapu Sebuleni

Kushuka kutoka Mgeta na magunia ya kabichi ndiko kunakoipima pikipiki. Ukikamata breki, uzito wote unakimbilia mbele, shokapu zinadidimia mpaka mwisho, na kila shimo linaishia mikononi mwa dereva. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa akirudi nyumbani viganja vimekufa ganzi. Alikuwa na haki ya kutafuta springi ngumu zaidi, nami nilimuunga mkono. Nilichokataa ni kazi ile kufanyika sebuleni.

Lakini mvua ilikuwa inanyesha. Pikipiki ikaingizwa ndani, ikapandishwa juu ya kreti la soda, gurudumu la mbele likatolewa na kuegemezwa kabatini. Mdogo wangu Elia akashika spana.

"Mama, sogea kidogo," Baba Neema akamwambia mama yake.

"Nisogee niende wapi, mwanangu? Hapa ndipo ninapochambulia mchele."

Ni heri alisogea. Springi ndani ya bomba la shokapu hukaa imebanwa na kizibo cha juu hata pikipiki isipobeba kitu. Anayeijua kazi hukilegeza kizibo polepole, kiganja kikiwa juu yake, uso pembeni. Elia alizungusha tu. Uzi wa mwisho ulipoachia, kizibo kiliruka kikatoboa siling bodi, springi ikachomoka nyuma yake, na oili kuukuu, nyeusi, yenye uvundo, ikamwagika kwenye mkeka na kwenye ungo wa mchele. Namshukuru Mungu Neema alikuwa shuleni.

Springi za kubadilisha zilitoka kwa muuza vipuri vilivyotumika. Waya wake ulikuwa mnene, kwa hiyo ugumu ulikuwapo kweli, ila zilikuwa fupi. Wakakata vipande vya bomba la maji vya kujazia juu yake, na Elia akashauri viwe virefu, "zizidi ugumu". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kipande hakiongezi ugumu wa springi. Kinaibana mapema tu, pikipiki ikae juu zaidi. Ugumu unatoka kwenye unene wa waya, upana wa mizunguko na idadi yake.

Oili nayo wakaweka ya injini, nzito, wakaipima kwa jagi la uji la mama mkwe, kisha wakaongeza. Juu ya oili lazima ibaki nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ikiwa ndogo mno, shokapu inapobonyea hewa inakuwa na nguvu kubwa na kuzisukuma sili.

Jumapili mama mkwe akapakiwa kwenda kanisani. Usukani ulibonyea kwa shida. Aliporudi aliteremka ameshika kiuno: "Mwanangu, umenipandisha juu ya kinu?" Sili zilikuwa zimeachia, oili inatiririka mpaka kwenye tairi. Hapo nilikasirika kwelikweli. Mkeka unafuliwa, lakini tairi la mbele lenye oili kwenye mteremko wa Mgeta linaacha mjane.

Jumatatu tukamwita fundi mzee wa mtaani. Kabla ya kugusa kitu aliuliza mzigo ni kilo ngapi. Akapunguza vile vipande, akaweka sili mpya na oili ya shokapu yenyewe, akapima kina chake pande zote mbili kwa rula mpaka vikalingana. Kisha akafunga mpira wa noti kwenye bomba, Baba Neema akakaa na mzigo wake, akashuka, wakatazama mpira uliposogezwa. Shokapu ikibonyea kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote, imekaa sawa. Yake ilikaa sawa, na ganzi imekwisha.

Wewe unayeshuka milima na mzigo, nunua springi, oili na sili pamoja, na mtajie fundi kilo zako kabla hajafungua kizibo.